Uzi: Miaka 22 nachimba na kufundisha mambo ya kale Dodoma na Kondoa. Na hapana, hatutafuti mali ya Mjerumani

#1 MamaChekeche

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nimepanda bodaboda kutoka Nkuhungu kuja mjini. Mkononi nimeshika ile fimbo ya kupimia yenye mistari myekundu na myeupe, begani nina begi la vifuko vya sampuli. Dogo akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni mwanaakiolojia, nachimba mambo ya kale na kufundisha chuo. Akanyamaza kidogo. Tulipopunguza mwendo kwenye tuta akageuza shingo: "Sasa mama, ile mali ya Mjerumani mlishaipata au bado?"

Anasema ile dhahabu watu wanayoamini Mjerumani aliifukia akikimbia vita. Swali hilo nina miaka 22 naulizwa. Nimeulizwa na wenyeviti wa vijiji, na polisi, na padri mmoja, na shemeji yangu mwenyewe siku ya harusi yake. Sijawahi kulijibu vizuri kwa sababu jibu ni refu na ndani yake kuna aibu yangu. Leo nimeona nilimwage hapa. Nitaandika kwa vipande, kesho nina kipindi saa moja asubuhi.

Jambo moja kwanza. Mwanaakiolojia hachimbi dinosaria. Yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, kule Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 akapelekwa Berlin, ni kazi ya watu wa visukuku. Sisi tunamfuata binadamu: alichokula, alichovunja, alichotupa. Kwa kifupi mimi ni mtaalamu wa taka za marehemu.

#2 zabibu_chungu

Nimeweka kiti. Mama shuka nayo, kahawa ipo.

#3 MamaChekeche

Nilianza kama mwalimu wa historia, sekondari moja hapa Dodoma. Mnajua kidato cha kwanza kilivyo: Olduvai, Isimila, Kondoa Irangi, Engaruka. Watoto wanayakariri kama kondakta anavyoita vituo. Siku moja binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, wewe Kondoa umeshafika?"

Kondoa haizidi kilomita 160 kutoka hapa. Nilikuwa sijafika. Nikamdanganya kwamba nilipita usiku.

Likizo ya Juni nikapanda basi. Wakati ule lami haipo, unashuka umekuwa rangi ya barabara. Kondoa mjini nikalala, asubuhi nikaenda Kolo, kwenye ofisi ya mambo ya kale, nikapewa mtu wa kunipandisha Mungomi wa Kolo. Unapanda kwa miguu, mawe makubwa yamelaliana, halafu unajikuta umesimama chini ya mwamba uliojiinamia kama paa la kibaraza. Mwanzoni sikuona kitu. Mwenyeji wangu akasema, "Subiri macho yazoee." Nikasubiri. Wakatokea. Watu wembamba kama njiti, warefu, vichwa vikubwa vya mviringo, wamechorwa kwa ngeu, ile rangi nyekundu ya jiwe. Katikati kuna mmoja anavutwa mikono, wengine upande huu na wengine upande ule. Mary Leakey, aliyekuja kunakili michoro hii mwaka 1951, aliona ni mwanamke anatekwa na wenzake wanamng'ang'ania. Wengine wanaona ngoma, wengine wanaona mgonjwa anatibiwa. Mimi siku ile niliona dada zangu wakigombea kanga ya marehemu bibi.

Huyo Mary Leakey hakuwa na shahada ya chuo alipoanza. Alikuwa mchoraji mwenye jicho. Na fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, tarehe 17 Julai 1959, aliliona yeye, mumewe yuko kambini amelala na homa. Kwenye vitabu vyetu vya shule sifa inaandikwa "Dkt. Leakey" na mtoto anamfikiria mwanaume. Hilo linaniudhi mpaka leo, ila tuendelee.

Nilirudi nikaomba kwenda kusoma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu 1985, na wengi tuliomo kwenye kazi hii tumepita mikononi mwa watu wa pale au wanafunzi wao.

#4 Kijana_wa_AreaC

Shikamoo mama. Nina HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza), daraja la pili. Nataka kuomba akiolojia, mjomba anasema nitakufa njaa. Tuambie ukweli.

#5 MamaChekeche

Marahaba mwanangu. Mjomba wako hajakosea sana.

Ajira za serikalini ni chache: Idara ya Mambo ya Kale, Makumbusho ya Taifa, Ngorongoro, vyuo, na siku hizi TAWA, wale wa mamlaka ya wanyamapori, nao wamekabidhiwa baadhi ya maeneo. Nafasi zikitangazwa mnakuwa wengi mlangoni. Kinachowalisha vijana wengi ni tathmini za miradi. Mtu akijenga bwawa, bomba au reli, anatakiwa aangalie athari kwa mazingira, na humo ndani kuna makaburi, maeneo ya matambiko, mabaki ya kale. Hapo anaitwa mtu kama wewe, anatembea njia yote ya mradi kwa miguu, macho chini. Unalipwa vizuri kwa miezi miwili, halafu unakaa miezi minne unasubiri simu.

Kabla hata ya kushika jembe kuna makaratasi. Kibali cha utafiti kutoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Leseni ya kuchimba kutoka Mambo ya Kale. Barua mkoani, barua wilayani, barua kwa mtendaji wa kata, barua kwa mtendaji wa kijiji. Ukifika kijijini na barua zako zote sita zenye mihuri, mwenyekiti anazipokea, anazikunja bila kuzisoma, anakuuliza umefikia kwa nani. Hilo ndilo swali lenye maana. Kama huna jibu, rudi.

Halafu kuna jua, kuna nge, kuna nyuki. Nyuki wa mapango ya Kondoa usiwachukulie poa, niliwahi kuacha kompyuta na viatu nikakimbia peku. Chakula ni ugali wa mtama na mlenda, asubuhi uji wa uwele. Ukiwa mtu wa chipsi utakonda.

Lakini kama wewe ni mtu wa kuokota kitu chini na kukigeuzageuza mpaka wenzako wanakuacha njiani, omba. Mjomba atazoea.

#6 FundiTimazi

Mimi fundi ujenzi. Niliwahi kuwapitia watu wa chuo wanachimba kule porini nikashangaa wana mwiko na timazi kama sisi. Mnajenga nini?

#7 MamaChekeche

Fundi, umenifurahisha. Tunatumia vifaa vyako vyote, sema tunajenga kwenda chini.

Unachagua sehemu, unapiga misumari minne, unafunga kamba, unapata mraba wa mita moja kwa mita moja. Pembe lazima iwe mraba kwelikweli, tunatumia ileile tatu-nne-tano yenu. Pima maji iko kwenye kamba. Halafu hatuchimbi kama choo. Tunakwangua kwa mwiko, sentimita tano tano, au kumi kumi kama udongo hauna kitu. Kila ukimaliza sentimita tano unasimama: unapiga picha, unachora, unaandika rangi ya udongo, unahesabu vilivyotoka. Udongo wote unakwenda kwenye chekeche, hautupwi hata konzi moja. Ndiyo maana ya jina langu. Vijana wa Kondoa waliniita hivyo kwa sababu nilikuwa nawarudishia ndoo: "Hii hamjachekecha, rudia."

Kwa nini mwendo huo wa kinyonga? Kwa sababu kitu chenyewe hakisemi. Kigae ni kigae. Kinachosema ni mahali kilipolala: chini ya nini, juu ya nini, karibu na nini. Kipande cha mkaa kikiwa tabaka moja na shanga, naweza kupeleka mkaa maabara. Mti ukishakufa, kaboni 14 ndani yake inapungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, kwa hiyo kilichobaki kinakuambia umri, mpaka kwenye miaka 50,000 hivi. Umri huo naupa na shanga, kwa sababu walilala pamoja. Mkaa wenyewe haushikwi kwa vidole, unachukuliwa kwa ncha ya mwiko unafungwa kwenye karatasi ya fedha. Sasa kama mtu ameshavuruga tabaka, nina mkaa na nina shanga, lakini ndoa yao haipo.

Na ndiyo maana michoro myekundu inatutesa. Ngeu ni jiwe lenye chuma, haina kaboni ya kupima. Michoro mingine ni myeupe, inapanda juu ya myekundu, kwa hiyo tunajua nani alitangulia. Nyekundu zinahusishwa na wawindaji, watu wa jamii za mababu wa Wasandawe na Wahadzabe, nyeupe na wakulima waliokuja baadaye. Lakini ukiniuliza huyu anayevutwa mikono amechorwa lini hasa, nitakuangalia tu.

Pango la Kisese II ndilo limetusaidia kuona urefu wa muda. Lilichimbwa miaka ya 1950, mwanaakiolojia Inskeep akashuka chini sana mwaka 1956, vitu vikakaa makumbusho, na miaka ya karibuni wataalamu wakavirudia kwa vipimo vipya. Watu walikaa pale zaidi ya miaka 40,000 iliyopita na walikuwa wanatengeneza shanga za maganda ya yai la mbuni. Angalieni hapo: vitu vilivyofukuliwa kabla ya Uhuru vimejibu swali la leo, kwa sababu mchimbaji aliandika kila kimoja kilitoka kina gani.

#8 Mrangi_Halisi

Mwalimu naheshimu elimu yako, lakini usitufanye watoto. Mimi ni mtu wa Kondoa. Babu yangu alisimuliwa na baba yake, Mjerumani alipita usiku na masanduku, wapagazi hawakurudi. Na ile michoro, baadhi ni alama. Kwa nini wazungu kila mwaka wanarudi palepale?

#9 MamaChekeche

Kaka, sikufanyi mtoto. Tena nitaanza kwa kukupa haki yako: dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo.

Vita ya Kwanza ilipowabana, fedha ya sarafu ikawaishia. Mwaka 1916 pale Tabora wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, ina tembo upande mmoja. Dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke, Iramba, hapo Singida kwa majirani zetu. Kwa hiyo anayesema Mjerumani alikuwa na dhahabu Kanda ya Kati hajaota.

Sasa tupige hesabu za tarehe. Kondoa Irangi ilitekwa Aprili 1916 na kikosi cha van Deventer, jenerali wa upande wa Mwingereza, kilichotoka upande wa Arusha. Mei wakapigana vibaya hapo milimani. Julai Dodoma ikaanguka, Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Sarafu za tembo zimepigwa katikati ya purukushani hiyo, tena Tabora, wakati Kondoa iko kwenye mizinga au imeshakwenda. Dhahabu inatoka Tabora inakuja Kondoa kwa adui kufanya nini? Mtu anayekimbia anabeba dhahabu yake kukimbilia anakoelekea. Hapandi nayo mlima kuifukia chini ya mwamba unaoonekana toka barabarani.

Michoro kuwa ramani: kaka, kuna maeneo kati ya 150 na 450 yenye michoro, yamesambaa kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336. Hiyo ndiyo UNESCO waliyoiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mjerumani angechora ramani mamia, halafu wachoraji wengine waje wapake nyeupe juu yake? Alama zipo, ila siyo zake.

Wazungu wanarudi palepale kwa sababu hatujamaliza kuandika kilichopo. Mwaka 2018 kwenye pori la akiba la Swaga Swaga, kwenu hukohuko, mtafiti wa Kipolandi aliona michoro ambayo haikuwahi kuripotiwa, ina watu wenye vichwa kama vya nyati. Wenyeji wa karibu naamini walikuwa wanaijua. Hakuna aliyewauliza.

Na sheria, kwa faida ya wenye "mashine" zao za kutafuta madini usiku. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kuwa mabaki ya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Rupia za Mjerumani zilianza kupigwa 1890. Kwa hiyo hata ukiipata, kwa umri wake si kitu cha kale. Lakini ile shanga uliyoikanyaga ukiitafuta, ndicho kitu cha kale, na kwa hiyo unafungwa.

#10 zabibu_chungu

Hapo kwa Iramba umenifundisha kitu. Ila mama, mwanzo ulisema kuna aibu yako. Usituzungushe.

#11 MamaChekeche

Sawa. Jina la mwamba sitalitaja, mtaelewa kwa nini.

Msimu wangu wa kwanza wa kuongoza mwenyewe nilichimba pango dogo, siku kumi na nane. Niliajiri vijana watano wa kijiji. Mmoja wao, tumwite Fundi tu, alikuwa na macho ambayo sijayaona tena. Siku ya nne tuko kwenye chekeche, upepo unapiga vumbi usoni, mimi nimeshapitisha mkono na kusema hakuna kitu, mwaga. Akanishika kiwiko. "Mama subiri. Hii ina tundu." Akachomoa kitu kwa kucha: duara jeupe, dogo kuliko kifungo cha shati, tundu katikati, ukingo umesagwa ukawa laini. Shanga ya yai la mbuni. Nilimkumbatia mbele za watu, jambo ambalo kijijini lilizungumzwa mwezi mzima.

Nikamfundisha. Alijua kusoma udongo uliofukiwa: unakuwa laini, rangi imechanganyika, mwiko unazama tofauti. Alijua kunyoosha ukuta wa shimo kwa timazi. Alijua kutofautisha jiwe lililomeguliwa na mtu na jiwe lililopasuka lenyewe. Kwa nini tunafanya yote hayo, hilo sikumwambia. Hakuuliza, nami nilikuwa na haraka ya kujaza madaftari.

Tulichimba mraba mmoja. Nusu ya pili ya pango nikaiacha makusudi. Huo ni utaratibu wetu: hatumalizi, tunawaachia watakaokuja na vipimo bora kuliko vyetu. Siku ya mwisho, kabla ya kufukia, nikafanya kitu kingine cha kawaida kabisa kwetu. Nikashuka shimoni, nikatandika karatasi ya nailoni chini, nikatoa mfukoni sarafu ya shilingi 200, ile ya Karume na simba, nikaiweka katikati. Atakayefukua baadaye akiona nailoni na sarafu anajua hapa mtu wa zama zetu ameshapita, udongo wa juu yake si wa asili. Tukarudishia udongo, nikalipa watu, nikaondoka.

Fundi alikuwa amesimama ukingoni ananiangalia.

Nilirudi baada ya miaka sita, nikiwa na wanafunzi wangu wa kwanza wa chuo. Njiani nimewajaza maneno: mtaona tabaka, mtaona pango lilivyolala. Tumefika, kuna shimo la ukubwa wa choo cha shule. Nusu niliyoiacha haipo. Udongo umemwagwa mteremkoni, mvua sita zimeupitia. Kipande cha nailoni yangu kimenasa kwenye tawi la mgunga, kinapepea.

Jioni Fundi akaja kambini kusalimia. Hakuzunguka. Akatoa kitambaa, akakifungua, ndani kuna ile shilingi 200. "Pesa yako hii, mama. Hatukuitumia."

Nikamuuliza, Fundi, kwa nini? Akaniambia kama mtu anayemweleza mtoto. "Mama, ulikuja na watu na magari. Umechimba siku kumi na nane. Mkichekecha udongo unautupa, mawe unaweka kwenye mifuko mnaondoka nayo. Siku ya mwisho tukakuona unafukia pesa, umeifunika na nailoni isilowe. Nani anafukia pesa porini kama haweki alama ya kurudi? Tukasema hiyo ndogo ni ya juu. Kubwa iko pembeni."

Na walichimba vizuri, wakuu. Kuta zimenyooka. Pembe mraba.

Tulikaa wiki mbili tunachekecha ule udongo wa mteremkoni. Shanga zilitoka, nyingi tu, na mawe ya kwatzi, na vipande vya ngeu vyenye mikwaruzo ya kusagiwa. Hakuna hata kimoja ninachoweza kukuambia kilikuwa juu au chini. Viko kwenye boksi, nje nimeandika "bila tabaka".

#12 FundiTimazi

Duh. Mama usiniue, ila hata mimi ningechimba.

#13 MamaChekeche

Ndiyo nilichojiambia usiku ule. Hata mimi ningechimba.

Tangu hapo nabadilisha siku ya mwisho. Kabla ya kufukia, naita kijiji. Wazee wanakaa kwenye mawe, watoto wa shule ya msingi wanakuja kwa mstari na mwalimu wao, wanachungulia shimo mmojammoja. Anayeeleza si mimi. Ni Fundi, kwa Kirangi, kwa sababu akieleza yeye wanacheka na kuuliza, nikieleza mimi wanapiga makofi tu. Sarafu inapitishwa mkononi mwa kila mtu kwanza. Mtoto wa darasa la sita anaandika tarehe na jina la kijiji kwenye karatasi, inatiwa kwenye chupa, inashuka pamoja na sarafu. Halafu shimo linafukiwa wote wakiona.

Haijamaliza tatizo. Miaka miwili iliyopita mwamba mwingine, si mbali sana, umechimbwa, na waliochimba walitoka mjini na gari. Ila pale kwa Fundi hawajagusa. Siku moja walikuja watu na mganga wao usiku, vijana wa kijiji wakawafukuza kwa mawe. Mtendaji alinipigia simu kulalamika kwamba nimemletea kesi.

#14 mwl_wa_zamu

Mwalimu mwenzangu, nimesoma yote nikiwa kwenye zamu ya bweni. Nina darasa la watoto 80 na ushee, dakika 40, hakuna nauli ya kuwapeleka Kolo wala Isimila. Hizo tabaka nawafundishaje? Nachora ubaoni, wanakariri.

#15 MamaChekeche

Pole na zamu. Shule yako ina shimo la taka?

Tafuta lile la zamani ambalo halitumiki. Wavalishe glavu, na wasiingie shimoni, ukate ukuta mmoja tu kwa jembe mpaka uonekane. Juu kabisa utakuta chupa za maji na pakiti za biskuti, mifuko ya rambo hakuna. Shuka kidogo, rambo zinaanza, zinajaa. Waulize kwa nini zinakoma ghafla. Kuna mtoto atakumbuka kwamba zilipigwa marufuku Juni 2019. Basi, wameshapata mwaka wa tabaka, bila maabara. Shuka tena, utakuta vocha za kukwangua. Chini zaidi, wino wa chupa na vifuniko vya soda vya bati. Waambie waandike kila tabaka lina nini, halafu wakuambie lipi lilitangulia na wamejuaje.

Nilifanya hivi na kidato cha pili, mmoja akapata rambo tabaka la chini kabisa, chini ya vocha. Mabishano dakika ishirini. Mwisho mmoja akaona tundu la panya. Huyo nilitamani nimpe shahada palepale.

#16 Mrangi_Halisi

Nimekuelewa. Lakini ungesema pia kwamba Mungomi si makumbusho. Bibi yangu alikuwa anapanda kule kuomba mvua. Siku hizi mtu anaambiwa asimwage pombe, asiguse, eti anaharibu michoro.

#17 MamaChekeche

Umesema kweli, na hapo wataalamu wenyewe hatujakubaliana. Kuna mwenzangu anaona pombe na mbuzi vinaharibu rangi, na vinaharibu kweli. Mimi naona kwamba kama ile sehemu imefika kwetu ina watu wanaoiogopa na kuiheshimu, woga huo umeilinda kuliko uzio. Mwamba wa matambiko hauchimbwi ovyo na wenyeji. Ule uliochimbwa ni ule ambao hauna bibi wa mtu anayeupanda. Mimi nikienda kufanya kazi naanza kwa wazee. Wakisema wiki hii hapana, wiki hii ni hapana, leseni ninayo mfukoni.

#18 Chamwino_Shambani

Samahani nimechelewa, nasoma toka mchana. Mama, hapa kwangu tunachimba shimo la choo, tumefika kiunoni. Yametoka mawe meusi mazito, yana vitundu kama andazi lililoungua, na vipande vya chungu vina michoro ya kucha. Vijana wanataka kuendelea kesho asubuhi. Ni nini?

#19 MamaChekeche

Wasiendelee!

Hayo mazito yenye vitundu yanaonekana ni mavi ya chuma, uchafu unaobaki mtu akiyeyusha udongo wa chuma. Inawezekana mtu alikuwa na tanuru hapo kwako. Angalia kama kuna vipande vya bomba la udongo, nene, lenye tundu la kuingia kidole gumba. Hilo ndilo lililopitisha upepo wa mivukuto.

Usitoe kingine. Vilivyotoka viweke kwenye ndoo moja, andika kina: kiunoni, gotini, popote. Piga picha ukuta wa shimo ukiwa umesimama, jua liwe nyuma yako. Weka kiberiti pembeni ya vigae nijue ukubwa. Na mpelekee mtendaji wako habari leo hii, kabla kijiji hakijaanza kusema umepata mali ya Mjerumani. Jumamosi nakuja.

#20 Chamwino_Shambani

Wameshaanza kusema. Jirani amekuja na tochi.

Picha nimeweka hapo chini. Kiberiti sikupata, nimeweka kipande cha sabuni.

#21 MamaChekeche

Sabuni nzima au iliyotumika? Pima urefu wake uniambie.